Sura ya Tano: Kila Moshi na Kwao

Mto Rufiji, kabla haujaingia baharini, unazungusha mashine tisa. Kila moja ina uwezo wa megawati 235, na zote pamoja ni megawati 2,115. Hilo ndilo Bwawa la Umeme la Julius Nyerere, ambalo mashine yake ya kwanza iliwashwa Februari 2024 na nyingine zikafuata hadi mwaka 2025. Maji yakishamaliza kazi hiyo hushuka mpaka kwenye delta, yakagawanyika katika mikono mingi katikati ya mikoko, kisha yakamwagika kwenye mlango-bahari wa Mafia. Ng'ambo ya mlango huo, kiasi cha kilomita 20, ndipo kilipo kisiwa cha Mafia, chenye mji wa Kilindoni. Tope la Rufiji hufika huko kila masika. Umeme wa Rufiji haujafika: Kilindoni inawasha taa zake kwa jenereta za TANESCO, shirika la umeme la taifa, zinazotumia dizeli, na kila lita ya dizeli hiyo huletwa kwa chombo.

Tuchukue friji moja ya nyumbani, ile ambayo mama anauza ndani yake barafu, juisi ya ukwaju na samaki wawili watatu wa kesho. Tuseme inakula uniti moja ya umeme kwa siku. Lita ya dizeli ikiungua hutoa kiasi cha kilo 2.7 za hewa ukaa, na jenereta iliyo katika hali nzuri huzalisha uniti tatu hadi nne kwa lita. Maana yake kila uniti ya Kilindoni imebeba kilo 0.7 za hewa ukaa, au zaidi kidogo. Kwa mwaka mzima friji hiyo imetoa kilo 255. Hiyo ni robo tani, karibu sawa na hewa ukaa yote ambayo Mtanzania wa kawaida hutoa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Ihamishe friji hiyohiyo Ilala, kwenye gridi inayolishwa na maji na gesi asilia, na moshi wake unashuka chini ya nusu. Mama ni yuleyule na barafu ni ileile. Kilichobadilika ni mahali.

Nimeanza na friji kwa sababu mjadala wa tabianchi hapa kwetu huendeshwa kwa wastani wa taifa, na wastani huo unaficha karibu kila kitu tunachohitaji kukijua. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi mbele ya dunia kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua. Ni ahadi nzuri. Lakini asilimia 30 ya nini, na wapi? Mfugaji wa Meatu, dereva wa lori la Ubungo, mkulima wa tumbaku wa Urambo na fundi wa jenereta wa Kilindoni hawawezi kupewa dawa moja, kwa sababu hawaumwi ugonjwa mmoja.

Visiwa jirani vimekwisha kuvuka hatua ya dizeli. Unguja iliunganishwa na bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, mwaka 1980, na mwaka 2013 ukaongezwa waya wa pili wa megawati 100. Pemba ndiyo iliyokuwa na hali kama ya Mafia. Kwa miaka mingi ilibebwa na mashine za dizeli za Wesha, mpaka mwaka 2010 waya kutoka Tanga ulipofika. Na waya una hatari zake. Desemba 2009 ule wa zamani wa Unguja ulipokufa, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010, na waliokuwa na uwezo wakarudi kwenye jenereta, kila nyumba na moshi wake uani. Hata hivyo, leo hakuna Mpemba anayetaka kurudishiwa dizeli ya Wesha.

Kuna jambo la shilingi hapa ambalo watu wa mazingira hulisahau. TANESCO inauza umeme kwa bei moja nchi nzima. Mteja wa Kilindoni halipi zaidi kwa kuwa umeme wake umezalishwa kwa dizeli iliyovushwa bahari, na ni haki asilipe. Lakini gharama haipotei. Kila uniti inayozalishwa kwa dizeli iliyosafiri baharini huuzwa chini ya gharama yake, na pengo hilo linazibwa na shirika, yaani na sisi sote. Kwa hiyo Kilindoni ni mahali ambapo hoja ya hewa ukaa na hoja ya mhasibu zinasema jambo moja: dizeli iondoke. Iwe kwa waya wa baharini, iwe kwa sola na betri kama zile zilizowashwa Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, mwaka 2016, mimi sina upendeleo. Ninachokipinga ni kuendelea kuongeza jenereta kila mji unapokua, tukidhani tunaokoa fedha.

Sasa tutoke kisiwani kidogo, maana Mafia haieleweki bila ya bara.

Ukifungua hesabu za gesijoto za Tanzania hukuti viwanda kileleni, wala magari. Unakuta msitu unaopotea na ardhi inayogeuzwa matumizi. Takwimu ambayo serikali imeitaja mara nyingi ni hekta 469,420 za misitu zinazopotea kila mwaka. Nyuma yake kuna mashamba mapya, na kuna mkaa. Mkaa wa Dar es Salaam hautoki Dar es Salaam. Unatoka Pwani, Morogoro, Lindi na Tanga, umerundikwa kwenye malori, umefungwa kwenye baiskeli na pikipiki hadi dereva haonekani kwa nyuma. Katika tanuri la asili la udongo, tani moja ya mkaa hula kati ya tani tano na kumi za kuni, kwa sababu sehemu kubwa ya mti huondoka kama moshi pale pale porini kabla gunia halijashonwa. Kwa hiyo maharage yanachemka Manzese, lakini mti umeanguka Kilwa. Katika hesabu ya mikoa, Lindi ndiyo itaonekana mchafuzi na Dar es Salaam itaonekana safi. Hesabu isiyofuata gunia la mkaa mpaka jikoni itamwadhibu mtu asiye mlaji.

Halafu kuna ng'ombe. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, na wengi wako katika ukanda wa Shinyanga, Simiyu, Tabora, Mwanza na Geita. Ng'ombe akicheua hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hukamata joto mara 28 hivi zaidi ya hewa ukaa. Kipimo cha kimataifa cha ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa ni kilo 31 za methani kwa mwaka, sawa na karibu kilo 870 za hewa ukaa. Yaani ng'ombe mmoja wa Kisukuma anazidi mara tatu friji yetu ya Kilindoni. Zidisha kwa kundi lote la taifa, unapata zaidi ya tani milioni 30, kiasi kinachopita hewa ukaa yote itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe nchini.

Naomba hesabu hii isimfikie mtu akaja nayo kijijini kumwambia mfugaji auze ng'ombe. Kundi lile ndilo mahari, ndilo akiba, ndilo bima ya mwaka wa njaa. Inachotuonyesha ni kwamba katika mikoa ile dawa iko kwenye malisho, maji, chanjo na mbegu bora, ili maziwa na nyama ileile ipatikane kwa ng'ombe wachache zaidi. Paneli za sola juu ya nyumba ni kitu kizuri huko Simiyu, lakini hazigusi sehemu kubwa ya gesijoto ya Simiyu.

Kenya ina sura nyingine tena. Umeme wake kwa sehemu kubwa ni safi: mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo wa Turkana. Katika hesabu yake ya mwaka 2015, ya tani milioni 93.7, kilimo na mifugo vilichukua asilimia 40. Nchi hiyohiyo ilikaribia kujenga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kule Lamu, mpaka Mahakama ya Mazingira ilipofuta leseni yake Juni 2019. Kituo kile kingesimama pwani ya wavuvi, na moshi wake ungeandikwa Lamu, wakati umeme ungekwenda Nairobi na Mombasa. Watu wa Lamu waliokipinga waliona kwamba mkoa unaweza kubebeshwa moshi wa mwingine.

Turudi Mafia, kwenye chokaa.

Nyumba za kale za Kua, kisiwani Juani, zimesimama kwa matumbawe na chokaa. Watu wa pwani yetu wamejenga hivyo kwa karne nyingi, na hadi miaka ya 1990 kazi hiyo ilikuwa bado moto Mafia. Bahari ikitoka, wanaume huenda mwambani na mtalimbo, hung'oa matumbawe, huyapakia mtumbwini. Nchi kavu hupangwa magogo, mara nyingi ya mikoko kwa kuwa moto wake ni mkali na haukimbii, juu yake yakalazwa mawe ya bahari, ikawashwa. Asubuhi jiwe limekuwa jepesi, jeupe, na ukilimwagia maji linachemka na kupasuka lenyewe. Kinacholifanya jepesi ni hewa ukaa iliyotoka. Kila kilo 100 za jiwe safi la aina hiyo hupoteza kilo 44 za hewa ukaa, mbali na ile ya kuni. Kaboni ambayo tumbawe limeifunga kwa miaka mingi inaachiwa kwa usiku mmoja.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, uchimbaji wa matumbawe hai ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyokusudiwa kukomeshwa, na ilikuwa sahihi. Mwamba uliong'olewa haufugi samaki wala hauvunji mawimbi. Lakini watu hawakuacha kujenga. Walihamia kwenye saruji, na saruji inayovushwa kwenda kisiwani inatoka kwenye viwanda vya bara, kama kile cha Wazo, Dar es Salaam, au cha Mtwara. Ndani ya tanuri la kiwanda kinafanyika kilekile kilichofanyika kwenye magogo ya mikoko: mawe ya chokaa yanaunguzwa mpaka yaachie hewa ukaa yake. Kwenye vitabu, Mafia imepunguza na Mtwara imeongeza. Sisemi kiwanda na tanuri la magogo ni sawa. Kiwanda hakivunji mwamba hai, na moto wake unapimika. Nasema kwamba sekta ya ujenzi ya Mafia ina moshi wake, isipokuwa moshi huo umewekwa mkoa mwingine.

Jikoni hali ni ya kipekee, na hapa sera ya taifa inahitaji macho ya wenyeji. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sababu inayotajwa kwanza huwa ni msitu. Mafia ni nchi ya minazi. Baada ya nazi kufuliwa kuna makumbi, baada ya kukunwa kuna vifuu, na katika vijiji vingi hivyo ndivyo vinavyochemsha chungu. Mnazi haukatwi ili kupata kifuu. Mwaka kesho utazaa tena na kuivuta tena ile hewa ukaa. Kwa hiyo mtu akimwambia mwanamke wa Mafia aache vifuu ili kuokoa msitu, hajamwambia kweli. Kweli iko kwenye kifua chake na macho yake: moshi wa makumbi ndani ya jiko la makuti lisilo na dirisha unaua taratibu, yeye na mtoto aliye mgongoni. Hiyo inatosha kabisa kuwa sababu ya kumpelekea gesi au jiko bora. Anayepeleka ujumbe wa Morogoro kwenye jiko la Mafia atapoteza imani ya watu, na imani ikishapotea mtungi hubaki uvunguni mwa kitanda.

Baharini kuna mchanganyiko. Bado zipo ngalawa na mashua zinazokwenda kwa tanga, na kwa hesabu ya hewa ukaa hakuna chombo kinachozishinda. Zipo boti za mashine zinazokula petroli, na kuna kivuko cha MV Kilindoni cha TEMESA, wakala wa serikali, kinachokwenda Nyamisati upande wa bara. Wavuvi wa dagaa, ambao zamani waliwasha karabai za mafuta ya taa, sasa wengi wana taa za betri na sola. Walibadili kwa sababu mafuta yalikuwa yanakula faida, na hewa ukaa ikapungua bila mtu kuhubiriwa.

Kisha kuna mgeni anayekuja kumwona papa potwe, yule samaki mkubwa mpole anayefika kwenye ghuba ya Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Ndege ndogo inayomleta kutoka Dar es Salaam imo kwenye hesabu za Tanzania. Ndege kubwa iliyomleta kutoka Ulaya haimo kwenye jumla ya nchi yoyote, kwa kuwa kanuni za kimataifa zinaagiza safari za kimataifa za anga na bahari ziandikwe pembeni. Kiti kimoja, kwenda na kurudi, ni zaidi ya tani moja, yaani fungu la Mtanzania la miaka minne. Utalii ni sekta inayoipatia wilaya fedha, na sehemu kubwa kabisa ya moshi wake haina mwenyewe.

Kwa sensa ya 2022 wilaya ya Mafia ilikuwa na watu wapatao 66,000. Tukiwapa wote fungu kamili la wastani wa Mtanzania, ambalo wengi wao hawalifikii, tunapata kiasi cha tani 16,500 kwa mwaka. Qatar, mtu mmoja hutoa zaidi ya tani 30. Wilaya nzima ya Mafia, basi, ni sawa na watu mia tano hivi wa Doha. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hili limechumwa mbali na linaliwa hapa. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi, na mwamba wa Kitutia, kusini mwa Mafia, ulipoteza sehemu kubwa ya uhai wake. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, katika pwani ambayo wazee wengi walikuwa wakisikia habari za vimbunga vya Msumbiji na Madagaska tu.

Upande mwingine wa daftari ni kile kilichohifadhiwa. Mikoko hufunga kaboni ardhini, ndani ya tope jeusi linalonuka, ambalo halina hewa ya kuozesha mizizi. Ndiyo maana hekta ya mikoko inaweza kushika kaboni mara kadhaa zaidi ya hekta ya msitu wa bara. Delta ya Rufiji ina kiasi cha hekta 53,000, eneo kubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na Mafia ina mikoko yake pamoja na mashamba mapana ya nyasi bahari. Kaskazini mwa delta mikoko imekuwa ikifyekwa kwa ajili ya mpunga. Hapo hasara ni mara tatu: mti unaungua, tope linafunuliwa na kuachia akiba yake, na shamba lenye maji linatoa methani. Na baada ya misimu michache magugu huzidi, mkulima akasogea mbele kufyeka tena.

Wenzetu wa Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanauza kaboni ya mikoko tangu 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 tu, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Katavi, Wilaya ya Tanganyika imepata mabilioni ya shilingi kwa misitu ya Ntakata. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022 na kituo cha kitaifa cha kuratibu hesabu zake pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mafia inaweza kuingia. Sharti langu ni moja: mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya kijiji kizima, pamoja na kifungu kinachosema nani anazuiwa kukata nini, na kwa miaka mingapi. Mtu anayekata mchu, aina ya mkoko, wa kutengenezea mtumbwi hawezi kufungwa mikono kwa ajili ya kampuni ya ng'ambo inayotaka kuendelea kuchoma mafuta yake.

Kitu kimoja Mafia inacho ambacho Dar es Salaam haitakipata kamwe: ni rahisi kuihesabu. Hakuna njia za panya mia moja za kuingilia. Vitu vizito vingi hupita gati la Kilindoni, na ndege hutua kwenye kiwanja kimoja. Msimamizi wa kituo cha umeme anajua lita alizochoma mwezi uliopita. Mwenye sheli anajua petroli aliyouza. Gatini inajulikana mifuko ya saruji na mitungi ya gesi iliyoshuka. Ofisi ya misitu na ile ya hifadhi zinajua mikoko iko wapi na ilipofyekwa. Takwimu hizi zimo kwenye madaftari tofauti, ndani ya ofisi ambazo nyingi mtu anaweza kuzitembelea kwa miguu asubuhi moja, na halmashauri ina uwezo wa kuziweka kwenye ukurasa mmoja kila mwaka bila kumsubiri mtaalamu kutoka nje. Mstari wa kwanza wa ukurasa huo uwe dizeli ya jenereta: lita ngapi, shilingi ngapi, tani ngapi. Ndio atakaouhitaji mbunge siku ya kuomba waya wa baharini, na ndio atakaoudai mfadhili yeyote kabla ya kuleta paneli ya kwanza.